Bouziane na Birika la Saba

Siku bendera ya Mfaransa iliposhushwa kijijini Ain Berkouk, Bouziane hakwenda barabarani kushangilia na wenzake. Alikusanya suruali yake ya turubai, mashati mawili ya kazi na kitambaa alichokuwa akijifunga kichwani, akavirundika katikati ya ua, akavimwagia mafuta ya taa na kuvitia moto. Mkewe, Kheira, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nguo zile zilikuwa bado nzima," alisema.

"Nzima, lakini zinanuka."

"Nimezifua miaka thelathini na miwili. Ungeniambia mapema kwamba dawa yake ni kiberiti, ningeipumzisha mikono yangu."

Bouziane alicheka, akamwambia arudi ndani moshi usimwingie machoni. Yeye alibaki pale mpaka moto ulipozimika. Ilikuwa Julai ya mwaka 1962, na alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Nguo zile zilinuka mvinyo. Babu yake alilima ngano kwenye mteremko unaoonekana toka mlangoni kwake, hadi Wafaransa walipokuja na karatasi zao, wakapima, wakagonga mihuri, na ngano ikang'olewa. Wakapanda mizabibu kilima hadi kilima. Waliwanyang'anya Waislamu ardhi, wakaotesha humo zao la pombe ambayo dini ya mwenye ardhi inamkataza hata kuionja, kisha wakamwajiri mwenye ardhi huyo kulipalilia. Jambo hilo waliliita maendeleo.

Bouziane aliingia ghala la mvinyo la Bwana Escoffet, mwenye mizabibu ile, akiwa na miaka kumi na tisa, kusugua mabirika ya saruji ambamo maji ya zabibu humwagwa yachemke yenyewe, bila moto, hadi yawe mvinyo. Mabirika yalikuwa kumi na mawili, kila moja kubwa kuliko nyumba yake. Hakuna aliyemfundisha kazi. Alijifunza kwa kuegemea. Aligundua kwamba ukilaza sikio kwenye ukuta wa birika, unasikia kinachotokea ndani: kwanza kunguruma kama mvua ya mbali, kisha mchemko mzito, mwisho mnong'ono mwembamba. Ngozi ya ndani ya mkono wake ilijua joto la ukuta kuliko kipimo cha kioo cha Bwana Escoffet. Na pua ilimwambia yaliyobaki. Tone moja la mvinyo halikupita kooni mwake, si kwa bahati mbaya wala kwa mzaha. Pale ghalani wafanyakazi wengine walikuwa Wahispania. Mwislamu pekee aliyeruhusiwa kuingia ndani alikuwa yeye. Wenzake waliishia mlangoni na vikapu vyao vya zabibu.

Alilipia ruhusa hiyo. Msikitini alikaa nyuma karibu na mlango, na Shehe Lhabib alikuwa akimwambia, nusu mzaha, "Bouziane, acha upepo upite kwanza." Posa ya binti yake mkubwa ilivunjika kwa sababu mama wa mchumba aliingia ukumbini, akavuta pumzi, akaaga. Siku hiyo Bouziane alikula yamini: nchi hii ikiwa huru, mguu wake hautakanyaga ghala lile tena.

Bwana Escoffet alikuwa ameondoka Juni, na masanduku mawili na mbwa. Fundi wake alitangulia kuchomoa kipande kwenye mashine ya kupoozea mvinyo, akakitupa mahali ambapo hadi leo hapajulikani.

Katikati ya Agosti, Djelloul alibisha hodi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba aliyeshuka kutoka milimani alikopigania uhuru, na sare iliyompwaya mabegani, na watu wa shamba walikuwa wamemchagua mwenyekiti wa kamati yao ya kuliendesha. Kheira alimtengea kahawa. Djelloul alikoroga sukari muda mrefu kuliko sukari yenyewe ilivyohitaji.

"Ami Bouziane, zabibu zimeiva."

"Nimeziona. Macho ninayo."

"Watu wataanza kuchuma Jumatatu. Tunakuhitaji ghalani."

"Huko siingii. Muulize mke wa ami yako nilichoapa."

"Aliapa," Kheira alisema kutoka jikoni. "Na suruali ameichoma. Hana hata cha kuvaa."

Djelloul hakucheka. "Ami, familia themanini na nne zimerudi kutoka kambini, kule walikozungushiwa waya wa miba miaka minne. Mbuzi wamekufa. Mbegu ya ngano hakuna. Kitu pekee kilichosimama kwenye ardhi hii ni hizo zabibu, na mnunuzi pekee anataka mvinyo. Mfaransa amepanda meli akaenda. Njaa hakuichukua."

"Basi wauzieni zabibu."

"Zabibu hizo hazilikiki, wewe unajua kuliko mimi. Ngozi na mbegu tupu."

Bouziane alitazama kikombe chake. "Mwanangu, ulikuwa milimani. Ulipokuwa huko ulingoja nini?"

"Siku hii."

"Na mimi nilingoja siku hii. Ila mimi niliingojea mle ndani, nikinuka. Usiniambie sasa kwamba siku yenyewe imekuja kunirudisha mulemule."

Djelloul alimaliza kahawa, akaubusu mkono wa mzee, akatoka. Kusema kweli Bouziane hakulala vizuri siku zile. Kila asubuhi alipanda juu ya paa akatazama watu wakichuma, wanawake na mitandio yao imefungwa kiunoni, wakiimba, kwa mara ya kwanza bila msimamizi juu ya farasi. Kuna furaha ambayo mtu huionea wivu hata kama ni ya nduguze.

Kamati ikaanza bila yeye. Walikuwa watu waliojua kila mzabibu kwa jina, waliojua kupogoa na kunyunyiza dawa. Lakini ndani ya ghala hawakuwahi kuruhusiwa, na kwa hiyo walifanya kosa ambalo ni wao tu wangeweza kulifanya. Walilijaza birika la saba kama mwanamke anavyojaza mtungi kisimani: mpaka ukingoni, wasipoteze nafasi. Hakuna aliyejua kwamba maji ya zabibu yakianza kuchemka huumuka na kupanda, na kwamba theluthi ya birika lazima iachwe tupu.

Jumatano, wakati wa sala ya adhuhuri, Bouziane alikuwa msikitini, karibu na mlango kama kawaida. Harufu ilimfikia katika rakaa ya pili. Kwanza ilikuwa ile ya kawaida, tamu na nzito. Kisha chini yake akaipata nyingine, kali kidogo, kama tufaha lililoachwa juani. Kichwa kilisujudu lakini moyo ulikuwa umeshatoka nje. Alijua: birika limefurika, na limepata moto mno. Siku mbili zaidi namna hiyo, yote yatageuka siki.

Alikamilisha sala, akatoa salamu kulia na kushoto, akainuka kabla ya dua. Shehe Lhabib alimwona.

"Unakwenda wapi, Bouziane?"

"Nakwenda kuvunja kiapo, Shehe. Kafara yake nitakuuliza baadaye."

Njiani alikuta maji mekundu yakitiririka hadi barabarani na nyigu wamejaa. Ghalani watu walikuwa wakikimbizana na ndoo. Mokhtar, kijana mwenye kifua kipana aliyekuwa mchumaji bora wa shamba zima, alikuwa ameshavua shati, anataka kushuka ndani ya birika kuyatoa maganda kwa koleo.

"Shuka," Bouziane alimwambia, "nami nitamwambia mama yako aanze kupika chakula cha matanga. Hewa ya mle inaua kabla hujapiga kelele."

Mokhtar aliushusha mguu kutoka kwenye ngazi polepole. "Hatukujua, ami."

"Mngejuaje? Waliwafungia mlango." Aliivua kanzu yake safi ya sala, akaitundika, akabaki na suruali ya ndani ya kanzu. "Nani amewaambia mjaze hivi?"

Wote walimtazama Djelloul. Djelloul alikuwa mwekundu hadi masikioni, na si kwa aibu tu, maana yale maji mekundu yalimrukia. "Ni mimi," alisema. "Nilidhani Mfaransa alikuwa akiacha nafasi kwa uvivu."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kiliwasaidia kupumua. Bouziane aliweka sikio ukutani. Ndani mlikuwa mkivurugika vibaya, bila mpangilio. Aliweka mkono, akauondoa upesi. Akaamuru sehemu ya maji yale ihamishiwe birika la nane. Kisha akasema lile alilokuwa akiliogopa.

"Lazima yapozwe. Leo, kesho na keshokutwa, bila kukatiza. Na mashine imekufa."

"Tufanyeje?"

"Yale mabomba ya shaba ya mashine bado yapo. Tuyang'oe, tuyalaze ndani ya mfereji hapo nyuma. Maji ya zabibu yapite ndani ya bomba kwa pampu ya mkono, maji ya chemchemi yapite nje. Yakirudi birikani yatakuwa yamepoa."

"Rahisi basi," alisema Mokhtar.

"Pampu ni rahisi. Mfereji una wenyewe."

Maji ya Ain Berkouk yana zamu tangu kabla ya Mfaransa. Kila ukoo una siku yake, na siku ikiwa yako, unaziba tawi moja kwa udongo na kufungua lingine. Watu wamewahi kutoana damu kwa saa moja ya maji. Jumatano ilikuwa ya ukoo wa Djelloul mwenyewe, kwa hiyo hapakuwa na wa kuombwa. Alhamisi ilikuwa ya wajane watatu wenye bustani za pilipili. Walikuja, wakasikiliza, na mkubwa wao akasema pilipili haijawahi kumvusha mtu majira ya baridi, chukueni. Ijumaa ilikuwa ya msikiti.

Bouziane hakutaka Djelloul aende na sare yake. Alikwenda mwenyewe Alhamisi asubuhi, mikono imekuwa ya zambarau hadi viwikoni. Alimkuta Shehe Lhabib akifagia kando ya hodhi la kutawadhia.

"Umekuja kuuliza kafara," alisema Shehe.

"Kafara nitalisha maskini kumi, hilo nalijua. Nimekuja kuomba maji ya kesho."

Shehe aliacha kufagia. "Maji ya Ijumaa? Kwa ajili ya pombe?"

"Kwa ajili ya watu."

"Usinizungushe maneno, Bouziane. Najua kwamba watu wana njaa; mimi mwenyewe nimekula shayiri tangu kambini. Lakini wataka watu waje kusali, nami niwaambie maji yao yamekwenda kuoshea pombe?"

"Hayataosha kitu. Yatapita nje ya shaba, na pombe ndani ya shaba. Havikutani. Kisha mfereji ule unazunguka na kushuka mpaka hapa kwako. Hutapungukiwa hata ndoo."

"Yatafika yakinuka?"

"Yatafika vuguvugu."

Shehe aliushika ufagio kwa mikono miwili. "Miaka yote hii," alisema, "nilikuwa nakudhihaki pale mlangoni. Hukuwahi kunijibu. Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unasema kweli, Shehe. Nilikuwa nanuka. Lakini nawe ulikuwa ukipokea zaka yangu, na haikuwa imetoka kwenye ngano."

Maneno hayo yalimtoka bila hasira, na labda ndiyo maana yaliingia. Shehe aliegemeza ufagio ukutani, akavaa viatu. Walitembea pamoja hadi nyuma ya ghala, ambako wanaume wanne walikuwa wakisukuma pampu kwa zamu na mabomba yameshalazwa mferejini. Shehe aliinama mahali maji yalipotokea chini ya mabomba, akayachota kwa kiganja. Aliyanusa. Kisha akasukutua, akatema, akachota tena, akameza.

"Ni maji," alisema. Akajifuta ndevu. "Kesho fungueni tawi hili baada ya alfajiri. Ila sikiliza, Bouziane, na wewe mwenyekiti. Mizabibu hii nitakuja kudai ing'olewe, na nitadai kwa sauti."

"Dai," alisema Bouziane. "Mimi nitakuonyesha pa kuanzia."

Ijumaa hiyo wanaume wa Ain Berkouk walitawadha kwa maji ya vuguvugu mwezi wa Agosti. Wengine walitazamana, wengine walitabasamu, hakuna aliyeuliza. Nakwambia, ndugu msomaji, kuna hotuba za uhuru zilizosomwa mijini mwaka ule ambazo hazikuwa na uzito wa maji yale.

Kufikia Jumapili ukuta wa birika la saba ulishikika. Kufikia Jumatano iliyofuata mchemko ulishuka, na ndani kukabaki ule mnong'ono mwembamba. Hapo ndipo palipobaki jambo moja, na ndilo gumu kuliko yote: kuamua siku ya kufungua koki, mvinyo utengwe na maganda yake. Mapema mno, hauna nguvu. Ukichelewa, unachukua uchungu ambao hautoki tena. Mnunuzi angeukataa, na watu wangeingia baridi mikono mitupu.

Djelloul alimkuta Bouziane amekaa juu ya kreti, mgongo umeegemea birika.

"Tayari, ami?"

"Nadhani leo."

"Unadhani?"

"Bwana Escoffet ndiye aliyekuwa akionja. Mimi nilikuwa namwambia tu, 'Leo, bwana.' Anachukua kikombe chake cha fedha, anasukutua, anatema, anafunga macho kidogo. Kisha anasema, 'Leo.'"

"Mjini kuna Mhispania mmoja amebaki, muuza duka. Anakunywa tangu asubuhi. Tumlete?"

"Huyo anaonja ili alewe."

Djelloul alikuna kidevu. "Ami, hebu niambie. Miaka thelathini na miwili, mabirika kumi na mawili. Ni mara ngapi ulisema 'leo', naye akaonja akasema 'hapana'?"

Bouziane alifungua kinywa kujibu, akakifunga. Alipita mwaka mmoja mmoja kichwani. Mwaka wa nzige. Mwaka wa mafuriko. Mwaka aliozaliwa mwanawe wa mwisho. Kikombe, kusukutua, kufunga macho.

"Mara moja," alisema hatimaye. "Mwaka vita vya Hitla vilipoisha. Alisema tungoje siku tatu zaidi."

"Ikawaje?"

"Tuliumwaga mtaroni."

Djelloul alianza kucheka, akaona uso wa mzee, akanyamaza. Bouziane alikuwa amekunja ngumi juu ya magoti. Haikuwa furaha iliyompata, watu wasidanganye katika kusimulia mambo haya. Ilikuwa hasira, na ilikuja imechelewa sana. Ardhi ilichukuliwa kwa karatasi, kila mtu aliona. Hata mtoto wa Ain Berkouk angeweza kukuonyesha mpaka. Lakini hili lilichukuliwa kutoka ndani ya mwili wake, kutoka kwenye sikio na pua, akalitoa mwenyewe kila mwaka kwa mikono miwili na kusema "bwana". Kile kikombe hakikuamua kitu. Kiliitikia tu, halafu kikatajwa kuwa ndicho kilichosema.

Aliinuka. Aliweka sikio ukutani mara ya mwisho, si kwa kuwa alihitaji.

"Mokhtar," aliita. "Leta ndoo na mpira. Wewe na wenzako njooni, kila mmoja aweke sikio hapa. Sikilizeni vizuri, kwa sababu sitarudia kuwasimulia. Sauti hii haisimuliki."

Walijipanga, wakaweka masikio, watu kumi na wawili ukutani kama wanaomsikiliza jirani anayegombana na mkewe. Mokhtar alisema anasikia kama mtu anayekunja karatasi. Mwingine akasema hasikii kitu ila tumbo lake.

"Tunangoja nani, ami?" aliuliza Mokhtar.

"Hatungoji mtu," alisema Bouziane, akafungua koki.

Mvinyo ule ulinunuliwa, na Ain Berkouk ikavuka baridi kwa mkate wa ngano. Mwezi wa Machi kamati ilipokutana, Bouziane alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kwamba mizabibu ya mteremko wa babu yake ing'olewe. Shehe Lhabib alikuwa amejiandaa kwa mabishano marefu, akakosa wa kubishana naye. Ghala aliendelea nalo kwa mashamba yaliyobaki, msimu baada ya msimu, na Kheira akamshonea suruali mpya huku akinung'unika kwamba sasa anaanza upya miaka thelathini.

Mwaka wa tatu, serikali huko mjini ilileta mkurugenzi wa kusimamia ghala. Alikuwa mtu wa kwetu, kijana, ana tai na mkoba, na bila shaka aliipenda nchi. Alifika siku Bouziane amesema "leo", akakuta watu wameshapanga ndoo.

"Nani ametoa kibali cha kufungua hili?" aliuliza.

"Mimi," alisema Bouziane.

"Mzee, kuanzia sasa hakuna koki itakayofunguliwa kabla mimi sijaonja na kutia sahihi."

Bouziane alimtazama yule kijana, na watu walimtazama Bouziane. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, karibu sana. Weka mkoba chini, uweke sikio hapa, nitakufundisha. Itakuchukua misimu mitano, labda minne, unaonekana una akili. Lakini sahihi yako, na kikombe chako, ghala hili liliachana na mambo hayo Bwana Escoffet alipoondoka."

Mkurugenzi alitabasamu na kugeuka kutafuta wa kutabasamu naye. Hakumpata. Alisimama pale na mkoba wake, jasho likianza kumtoka shingoni kwa joto la ghala, na nyuma yake Mokhtar alikuwa ameshashika koki, anangoja neno la Bouziane.

"Fungua," alisema Bouziane.